Sura ya 6: Mashine Mbili Zisizofahamiana

Mwaka 1980, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, walikuwa na kompyuta kubwa ya kufanyia kazi lakini hawakuwa na mahali pa kuziweka kazi zenyewe. Kompyuta hiyo, DECSYSTEM-20 ya kampuni ya Digital, iliwahudumia watu wengi kwa wakati mmoja kupitia skrini na kibodi zilizotawanywa chuoni. Diski zake zilikuwa ghali, kwa hiyo kila mwanafunzi alipimiwa nafasi finyu. Aliyetaka kuanza kazi mpya mara nyingi alilazimika kufuta ya zamani.

Wakati huohuo kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeanza kuingia sokoni. Columbia ilizipata za aina ya SuperBrain, zilizotengenezwa na kampuni ya Intertec, zenye mfumo endeshi wa CP/M. Hizi zilihifadhi mafaili kwenye diski laini, ambayo mtu aliweza kuinunua mwenyewe, kuandika jina lake juu yake na kuondoka nayo mkobani. Wazo likazaliwa: mwanafunzi akae mbele ya kompyuta ndogo, aivute kazi yake kutoka kwenye ile kubwa, aihifadhi kwenye diski yake, na siku akiihitaji airudishe. Waya wa kuziunganisha ulikuwapo. Kilichokosekana ni namna ya kuzifanya zielewane, na kazi hiyo ikawaangukia watumishi wawili wa kituo cha kompyuta cha chuo, Frank da Cruz na Bill Catchings.

Asiyewahi kuijaribu kazi ya namna hii hudhani ugumu wake ni usafirishaji. Sivyo. Kupitisha herufi kwenye waya lilikuwa jambo la zamani tangu enzi za telegrafu. Ugumu uko kwenye makubaliano: nani aanze, nani asubiri, kosa litambuliwe vipi, na kile kilichofika kiwe na maana ileile kilichokuwa nayo kilipoondoka. Ninaamini kwamba chombo cha kuhamisha mafaili hupimwa kwa jinsi kinavyomtendea mshirika dhaifu kuliko wote, yaani mashine ya zamani zaidi na laini mbovu zaidi, na sijaona waliolizingatia hilo kwa moyo kuliko hawa wawili. Chombo walichokijenga kiliitwa Kermit.

Tazama mashine zenyewe zilivyopishana. DECSYSTEM-20 ilihesabu kwa maneno ya biti 36. Ilipanga herufi 5 za biti 7 ndani ya kila neno na kubakiza biti 1 bila kazi. SuperBrain ilihesabu kwa baiti za biti 8. Mfumo wa CP/M haukujua hata urefu kamili wa faili: ulijua tu lina vipande vingapi vya baiti 128, na mwisho wa maandishi ulitambulika kwa herufi maalumu iliyopachikwa hapo. Kisha chuo kilikuwa na kompyuta kuu za IBM, ambazo orodha yao ya herufi ilikuwa nyingine kabisa. Katika ASCII, orodha iliyotumiwa na mashine nyingi, A kubwa ni namba 65. Katika EBCDIC ya IBM, A hiyohiyo ni namba 193. Maandishi yakihamishwa biti kwa biti kati ya mashine hizi, bila kosa hata moja, yanafika yakiwa takataka.

Na laini nayo ilikuwa na tabia zake. Ilijengwa kwa ajili ya binadamu anayechapa, haikujengwa kwa ajili ya faili. Biti ya 8 ya kila baiti mara nyingi ilitwaliwa kwa ukaguzi wa makosa, zikabaki 7. Herufi za amri ndizo zilizokuwa hatari kuliko zote: Control-S ilisimamisha maandishi yasiendelee, Control-C ilikatisha programu, na vifaa vilivyokaa katikati ya njia vilikuwa na herufi zao vilizozinasa bila kumwambia mtu. Faili likiwa na baiti yenye thamani sawa na Control-S, mashine ingesimama kama vile mtu ameiamuru. Kompyuta za IBM, kwa upande wao, zilizungumza kwa zamu tu. Ulisubiri imalize kuandika, itoe ishara kwamba sasa ni zamu yako, ndipo ujibu. Ukijibu mapema, jibu lako halipokelewi na yeyote.

Njia ya mkato ilikuwapo, nayo ni kuandika programu ya mashine hizo mbili peke yake na kuacha za IBM zijitafutie. Da Cruz na Catchings hawakuifuata. Walitafuta kitu ambacho kila mashine na kila laini inaweza kukipitisha bila kukigusa, wakakipata: zile herufi 95 za ASCII zinazochapika, kuanzia nafasi tupu, namba 32, mpaka alama ya ~, namba 126. Herufi hizo hakuna kifaa kinachozizuia, maana ndizo watu wanazochapa mchana kutwa. Wakaamua kwamba faili zima, liwe la maandishi au la programu, litapita ndani ya herufi hizo. Herufi ya amri waliyoiruhusu ni Control-A ya kutangaza mwanzo wa pakiti, yaani kifurushi kimoja cha herufi kinachosafiri peke yake, na mwishoni ile ya kufunga mstari kwa mashine zisizosoma mpaka mstari ufungwe.

Inafaa kuona jinsi hila hiyo inavyofanya kazi, kwa sababu ni ya kawaida mno hata mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na karatasi. Baiti yenye thamani 13, ile inayorudisha kishale mwanzo wa mstari, haiwezi kupita salama. Kermit inaiongezea 64, inapata 77, ambayo ni herufi M, kisha inaitanguliza alama ya # kama onyo: inatuma #M. Mpokeaji akiona # anajua herufi inayofuata imebadilishwa, anairudisha kuwa 13. Baiti ya 10 inakuwa #J. Alama ya # yenyewe ikitokea ndani ya faili, inatumwa ##. Baiti inayozidi 127, tuseme 200, inapunguzwa 128, inabaki 72, yaani H, na kutumwa &H. Namba za utaratibu, kama urefu wa pakiti, zinaongezewa 32 ili ziangukie ndani ya herufi zinazochapika. Ndiyo sababu pakiti ya kawaida ya Kermit haikuzidi herufi 94 baada ya ile ya urefu: 94 ni namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa herufi moja ya namna hiyo.

Gharama ilikuwapo na waliikubali. Faili la programu, lenye baiti za kila aina, liliweza kunenepa kwa zaidi ya nusu likipita kwenye laini ya biti 7. Walipunguza kidogo kwa kuruhusu marudio yafupishwe, hivi kwamba nafasi tupu 60 zilizofuatana zilitumwa kwa herufi 3 tu. Lakini kati ya kasi na kufika, walichagua kufika.

Kila pakiti ilikuwa na namba yake ya mfuatano, kuanzia 0 hadi 63 na kurudi tena 0, na mwishoni ilibeba hesabu ya uhakiki iliyotokana na herufi zote zilizotangulia. Mpokeaji alifanya hesabu hiyohiyo upya. Zikilingana, alijibu kwa pakiti ya Y, nimepokea. Zisipolingana, alijibu kwa N, rudia. Ni kama mtu anayesomewa namba ya akaunti kwenye simu yenye mikwaruzo: tarakimu chache, anazirudia, anaambiwa sawa, ndipo wanaendelea na nyingine.

Namba ya mfuatano inaonekana kama pambo mpaka ufikirie kinachotokea jibu likipotea njiani. Pakiti ya 12 imefika salama. Mpokeaji ameiandika kwenye diski na kujibu Y, lakini jibu limeliwa na kelele za laini. Mtumaji anasubiri, anachoka, anaituma tena ile ya 12. Bila namba, mpokeaji angeiandika mara mbili na faili lingeharibika bila mtu kujua. Akiwa na namba, anasema moyoni hii ninayo, anaitupa, na kujibu Y kwa mara nyingine. Waandishi wengi wa programu za leo wanajifunza jambo hili kwa uchungu, pale mteja anapokatwa pesa mara mbili kwa malipo yaleyale kwa sababu mtandao uliyumba baada ya malipo kupokelewa.

Hesabu ya uhakiki nayo ina daraja zake. Jumla ya kawaida inashika makosa mengi ila si yote. A ni 65 na B ni 66. AB na BA zote zinatoa 131, kwa hiyo herufi mbili zilizobadilishana nafasi zinapita bila kushtukiwa. Kuna hesabu kali zaidi, CRC, inayozingatia pia nafasi ya kila biti. Kermit ilianza na uhakiki wa herufi 1, kisha ikaruhusu pande mbili kukubaliana juu ya ule wa herufi 3 wenye CRC ya biti 16.

Hayo makubaliano ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mazungumzo ya Kermit hufunguliwa na pakiti ya S. Ndani yake mtumaji anajieleza: naweza kupokea pakiti ya urefu huu, usiponisikia kwa sekunde kadhaa jaribu tena, natumia alama hii kutangulizia herufi za amri, naweza kufupisha marudio. Mpokeaji anajibu kwa pakiti ya Y yenye maelezo yake mwenyewe. Kisha kila jambo linaamuliwa kwa yule mwenye uwezo mdogo. Sehemu ambayo mmoja hakuijaza, kwa kuwa programu yake ni ya zamani na haijui kama kuna kitu hicho, inahesabiwa kuwa na thamani ya msingi iliyoandikwa tangu mwanzo. Kwa utaratibu huu programu iliyoandikwa miaka kumi baadaye, yenye mambo mengi mapya, iliweza kukutana na ile ya kwanza kabisa na wakapeana faili bila yeyote kulazimishwa kupata toleo jipya. Baada ya S inakuja F yenye jina la faili, kisha D nyingi zenye yaliyomo, Z ya kumaliza faili, na B ya kuagana.

Lilibaki suala la maana. Ukiwa na aina 20 za kompyuta na ukataka kila moja ijue kutafsiri maandishi ya kila nyingine, unahitaji tafsiri 380. Kermit iliweka umbo moja la kati: maandishi yasafiri kwa ASCII, na kila mstari ufungwe kwa alama mbili zinazojulikana. Kila mashine ikajifunza mambo mawili tu, kutoka kwake kwenda umbo la kati na kutoka umbo la kati kuja kwake. Kwa aina 20, tafsiri ni 40. Mashine ya IBM haikuhitaji kujua kwamba CP/M ipo duniani. Miaka ya baadaye, lugha zenye herufi nje ya ASCII zilipodai nafasi yao, njia ileile ilipanuliwa kwa kuongeza orodha nyingine za herufi za safarini.

Hapa ndipo watumiaji walipoumia pia, na haifai kulificha. Programu haiwezi kujua kwa yakini kama faili ni maandishi ya kutafsiriwa au ni programu ambayo kila biti yake lazima ibaki ilivyo. Mtumiaji alitakiwa kuiambia. Aliyesahau alipata programu iliyotafsiriwa, yaani iliyoharibiwa, huku skrini ikimwambia kazi imekamilika.

Faili la kwanza lilihamishwa kwa Kermit tarehe 29 Aprili 1981, na safari yake ilikuwa fupi: lilitoka kwenye mlango mmoja wa DECSYSTEM-20 na kuingia mlango mwingine wa mashine hiyohiyo, kupitia waya uliounganisha milango miwili. Catchings aliandika pia programu ya upande wa CP/M. Jina lilitoka kwa chura wa vikaragosi vya Muppets, aliyekuwa kwenye kalenda ukutani walipokuwa wakitafuta neno la kukiita chombo chao, na kampuni ya Jim Henson ikatoa ruhusa.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1977 mjini Chicago, Ward Christensen, mfanyakazi wa IBM aliyekuwa akichezea kompyuta ndogo kwa mapenzi yake, aliandika programu ya kuhamisha mafaili kwa modemu, yaani kifaa cha kupitishia data kwenye laini ya simu, na utaratibu wake ukaja kuitwa XMODEM. Aliitoa bure kwa kila mtu. Ilikuwa fupi na ilieleweka haraka: kipande cha baiti 128, namba ya kipande, kinyume cha namba hiyo kwa ajili ya uhakika, na jumla ya uhakiki ya baiti 1. Namba 128 haikuchaguliwa kwa hekima yoyote ya mawasiliano. Ndiyo iliyokuwa ukubwa wa kipande cha diski katika CP/M. XMODEM ilihitaji biti zote 8 zipite bila kuguswa, jambo ambalo laini nyingi za vyuo hazikuweza, na faili lisilogawanyika kwa 128 lilifika na mkia wa ziada. Kati ya kompyuta mbili ndogo za CP/M ilitosha kabisa, na ilienea kama moto wa nyikani. Nje ya hapo ilikwama, kwa kuwa mjenzi aliitazama dunia kupitia mashine aliyokuwa nayo mezani. Sisemi hivi kumpunguzia Christensen heshima yake. Bila yeye watu wengi wasingepata hamu ya kuunganisha kompyuta za nyumbani. Nasema kwa sababu kosa hilo linarudiwa kila mwaka na wajenzi wenye vifaa bora kuliko vyake.

Kermit ilienea kwa mkanda wa sumaku. Columbia iliutuma kwa aliyeuomba, pamoja na msimbo wa programu, kwa ada ya kunakili. Vyuo vingine vilivyokuwa na mashine nyingine viliandika matoleo yao na kuyarudisha Columbia, yakaongezwa kwenye mkanda uliofuata. Jarida la BYTE lilichapisha maelezo ya da Cruz na Catchings katika matoleo ya Juni na Julai 1984, na mwaka 1987 da Cruz akatoa kitabu kizima kinachoeleza itifaki, yaani kanuni za mazungumzo hayo, kwa utaratibu ambao msomaji angeweza kuufuata na kuandika Kermit yake mwenyewe. Matoleo yakafika mamia. Ule uamuzi wa mwanzo, wa kudai kidogo sana kutoka kwa kila mashine, ndio uliowezesha mtu wa mbali, asiyejuana na waanzilishi, kuongeza mashine ambayo wao hawakuwahi kuiona.

Udhaifu wake mkubwa ulikuwa kusubiri. Kutuma pakiti moja kisha kungoja jibu kuliifaa IBM yenye zamu zake, na kwenye waya wa mita mia hakukupoteza kitu. Simu inayopita angani ni habari nyingine, na hapo Afrika Mashariki inaingia kwenye simulizi. Kabla ya nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS kufika mwaka 2009, mawasiliano yetu na mabara mengine yalitegemea sana setilaiti; kituo cha Longonot, Kenya, kilifunguliwa mwaka 1970 kwa kazi hiyo. Setilaiti hizo hukaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Neno likipanda na kushuka linatumia karibu robo sekunde, na jibu linatumia robo nyingine. Pakiti ya Kermit ya herufi 96, kwa modemu ya biti 9,600 kwa sekunde, inamalizika kutumwa kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kisha laini inakaa kimya kwa nusu sekunde ikingoja jibu. Zaidi ya asilimia 80 ya muda unalipia ukimya, tena kwa bei ya simu ya kimataifa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hilo halikuwa hesabu ya darasani. Jijini Nairobi, kituo cha mashirika ya mazingira, ELCI, kiliendesha kompyuta ya mtandao wa Fido. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilikuwa na yake. Barua zilikusanywa zikabanwa kuwa faili moja, na kompyuta ya shirika la GreenNet jijini London ikapiga simu, ikachukua zilizokuwapo na kuacha zilizotoka nje. Watafiti, madaktari na wanaharakati wa nchi zetu walipata barua pepe yao ya kwanza kwa njia hiyo, na kila dakika ya simu ilikuwa na mtu wa kuilipia.

Fido ilitumia sana ZMODEM, itifaki iliyoandikwa mwaka 1986 na Chuck Forsberg wa Portland, Oregon, kwa gharama za kampuni ya Telenet. Forsberg aliondoa kusubiri. Mtumaji anamwaga data mfululizo, na mpokeaji ananyamaza mpaka aone kosa. Akiliona anataja nafasi: rudi baiti ya 48,128, uanzie hapo. Kutoka katika wazo hilo la kutaja nafasi likapatikana jambo la pili, ambalo kwa laini zetu lilikuwa na thamani kuliko kasi. Simu ikikatika katikati ya faili, ukipiga tena mpokeaji anatazama kipande alichonacho na kusema anzia hapa. Faili la kilobaiti 100 kwa modemu ya biti 1,200 lilichukua dakika 14 hata laini ikiwa safi. Kukatika dakika ya 13 na kuanza upya ilikuwa adhabu, na Forsberg aliiondoa. Kermit iliongeza madirisha ya pakiti nyingi kwa wakati mmoja na pakiti ndefu za hadi herufi elfu 9 hivi, kisha uwezo wa kuendelea palipokatika, lakini katika hilo la mwisho ilichelewa, na sifa ya polepole ikaing'ang'ania.

Sasa njoo kwenye simu za mkononi. Katika miaka ya 2000, simu za bei ya kati zilipopata Bluetooth, vijana wa Dar es Salaam na Mombasa walianza kurushiana nyimbo bila kulipa senti, na msamiati wa nirushie ukaingia mitaani. Itifaki iliyokuwa chini yake, OBEX, ilitoka kwa watu wa miale ya infraredi, na roho yake ni ileile: jina la faili, urefu wake, yaliyomo kwa vipande, kila kipande kikijibiwa. Nokia ilimrushia Samsung, Samsung ikamrushia Sony Ericsson, na hakuna aliyeuliza simu ni ya kampuni gani. Ilikuwa polepole, na wimbo ukikatika katikati ulianza upya, lakini ilikuwa mali ya wote.

Kisha makubaliano hayo yakavunjwa. iPhone haikukubali kupokea faili la Bluetooth kutoka kwa simu ya kampuni nyingine. Mwaka 2013 ikapata AirDrop, ya haraka na nzuri, kwa vifaa vya Apple peke yake. Google ilileta Nearby Share mwaka 2020, iliyobadilishwa jina mwaka 2024 kuwa Quick Share. Katikati ya pengo zikaingia programu kama Xender na SHAREit, zinazogeuza simu moja kuwa kituo cha Wi-Fi ili nyingine iunganike nayo. Ziliwasaidia watu wengi wasio na bando, na zilikuja na matangazo na ruhusa nyingi kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji; mwaka 2021 wachunguzi wa Trend Micro walitangaza hadharani mianya ya usalama waliyoikuta ndani ya SHAREit ya Android. Mimi nakasirika ninapofikiria kwamba mwaka 1984 kompyuta kuu ya IBM na kijikompyuta cha CP/M ziliweza kupeana faili, na miaka 30 baadaye simu mbili zilizokaa kwenye meza moja, zenye redio za aina moja, zilishindwa. Uhandisi haukurudi nyuma. Wenye kampuni waliona faida katika kutofahamiana.

Wapo walioirudisha njia ya zamani. LocalSend, programu huria isiyo na matangazo, inafanya kazi kwenye Android, iPhone, Windows, Mac na Linux, na haihitaji intaneti: vifaa viwili vikiwa kwenye Wi-Fi moja, kila kimoja kinatangaza kipo, na faili linapita kwa HTTP, lugha ileile ya vivinjari. Aliyechagua HTTP alifanya chaguo linalofanana na lile la herufi 95. Alitafuta kitu ambacho kila kifaa tayari kinakijua, hata kisicho na programu yenyewe, maana kifaa kama hicho kinaweza kupewa kiungo na kupakua kwa kivinjari.

Tofauti za mashine hazikwisha, zilihamia kwingine. Windows haikubali nukta mbili katika jina la faili, na kwake Barua.txt na barua.txt ni kitu kimoja. Linux inakubali nukta mbili, na hayo kwake ni mafaili mawili. Kadi ya kumbukumbu iliyopangwa kwa FAT32 haipokei faili la kufikia gigabaiti 4, hata kama nafasi ni tele, kwa hiyo video ya harusi inakataa kuingia na mwenye nayo anadhani kadi ni feki. Tangu mwaka 2017 iPhone hupiga picha za HEIC, na simu ya zamani inayozipokea inapata baiti zote bila kosa na haiwezi kuzionyesha. Hilo la mwisho ni swali la A ya 65 na A ya 193, na jibu la Kermit bado linafaa: kabla ya kutuma muulize mpokeaji anaweza nini, na kama hawezi, badilisha picha kuwa JPEG. Programu nyingi za leo haziulizi.

Columbia ilifunga mradi wa Kermit mwaka 2011. Mwaka huohuo C-Kermit 9.0 ilitolewa kwa leseni huria, na da Cruz ameendelea kuitunza nje ya chuo. Msimbo wake unapakuliwa bure. Kijana wa Arusha au Kisumu anayejenga chombo chake cha kurushiana mafaili hahitaji kuusoma wote, kwa kuwa sehemu kubwa inashughulika na modemu na mashine ambazo hatakutana nazo. Aanze na sehemu inayotunga pakiti ya S na inayosoma jibu lake, aone kinachofanyika pale jibu linapokuja fupi kuliko lilivyotarajiwa.